Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa Kuhusu Wagonjwa wa Ini Lililoharibiwa na Pombe

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, kwa Waziri wa Afya wa Kaunti, kwa Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi, na kwa maafisa wa Mamlaka ya Afya ya Jamii.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuomba jambo moja: kwamba mgonjwa ambaye ini lake limeharibiwa na pombe atibiwe katika hospitali za umma za Mombasa kama anavyotibiwa mgonjwa mwingine yeyote wa maradhi ya muda mrefu, kwa utaratibu unaoeleweka, kwa dawa zisizokatika na kwa wahudumu wanaopatikana usiku kama mchana. Siombi mitambo mikubwa wala majengo mapya. Sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa yanahitaji dawa za kawaida, sindano, chupa safi za maabara, mizani ya kupimia uzito, na mtu aliyefundishwa kuvitumia kwa wakati unaofaa.

Mimi ni muuguzi niliyestaafu. Nimehudumu kwa miaka mingi katika wadi za watu wazima hapa Mombasa, na hata sasa majirani hunijia nyumbani na makaratasi ya hospitali mkononi, wakitaka kujua yaliyoandikwa yana maana gani. Kuhusu wagonjwa hawa nimesikia maneno mawili zaidi ya yote, kutoka kwa jamaa zao na, nasikitika kusema, kutoka kwa baadhi ya wenzangu kazini: "Amejitakia mwenyewe," na, "Hapo hakuna dawa tena." La kwanza ni hukumu, na hospitali haikujengwa kutoa hukumu. La pili ni dai la kitabibu, na si kweli. Ni kweli kwamba makovu ya ini hayafutiki kwa urahisi. Lakini mgonjwa wa ini mara nyingi hauawi na makovu yenyewe. Huuawa na matatizo yanayozaliwa na makovu hayo, na karibu kila moja lina matibabu yake yanayojulikana duniani kote.

Naomba mnivumilie nieleze yanavyotokea, kwa sababu uamuzi wa bajeti unafanywa vizuri zaidi na aliyeelewa kinachonunuliwa. Pombe nyingi ya miaka mingi kwanza hulijaza ini mafuta, kisha hulisababishia uvimbe wa ndani kwa ndani, kisha makovu huanza kuchukua mahali pa nyama nzima. Hatua hizi zote zaweza kupita bila maumivu. Mtu anakwenda kazini bandarini, anarudi, anakunywa, analala, na hajui lolote mpaka siku miguu inapovimba au suruali inapokataa kufungika kiunoni. Wakati huo ini limekwisha kuwa gumu, na damu inayopanda kutoka matumboni haipati njia ya kupita ndani yake. Inakuwa kama maji ya masika yanapokuta mitaro ya Mwembe Tayari imeziba: yatatafuta pa kupita, na hayachagui. Damu hiyo hujipenyeza katika vijimshipa vyembamba vya sehemu ya chini ya umio, yaani njia ya chakula kuelekea tumboni, ambavyo hutanuka na kuvimba. Wengu nalo huvimba. Maji huchuja na kujikusanya tumboni. Na sumu ambazo ini lilikuwa likizisafisha huzunguka na damu na kufika kwenye ubongo.

Niseme hapa pia, kwa haki ya wengi, kwamba si kila tumbo lililojaa maji limetokana na pombe. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B na mafuta ya ini yanayoambatana na kisukari na unene hufikisha watu mahali palepale, na mara nyingi sababu mbili hukutana katika mwili mmoja. Nimeona mama ambaye hakuwahi kuonja kileo akiulizwa mbele ya wanawe anakunywa nini. Upande wa pili, katika mji wetu wenye Waislamu wengi, wapo wanaokunywa kwa siri ambao familia zao zitasema ni sukari, ni presha, ni lolote jingine, ili aibu isitoke nje ya mlango. Daktari asiyeambiwa ukweli hawezi kumkinga mgonjwa na madhara ya kuacha pombe ghafla. Kwa hiyo faragha ninayoitetea kwa ajili ya wagonjwa hawa ni sehemu ya matibabu: chumba chenye mlango, maswali yanayoulizwa bila jamaa kusikiliza, na jibu linaloandikwa bila kukunja uso.

Sasa nianze na maji ya tumboni, kwa sababu ndiyo yanayowaleta wengi hospitali. Mgonjwa hufika akiwa ameegemea mikono miwili nyuma, hawezi kulala chali kwa kuwa maji yanasukuma kifua, ngozi ya tumbo imenyooka hadi inang'aa, na kitovu kimetoka nje. Jambo la kwanza analostahili, siku ileile anayolazwa, ni sindano ndogo ya kuchukua kiasi kidogo cha maji hayo na kuyapeleka maabara ili chembe nyeupe za damu zihesabiwe. Zikifika 250 za aina ya kupambana na bakteria katika milimita moja ya ujazo, maji yameingiwa na maambukizi, na maambukizi hayo huua haraka. Homa inaweza isiwepo. Maumivu yanaweza yasiwepo. Pengine mgonjwa anaonekana amechoka tu. Matibabu ni seftriaksoni au dawa ya jamii hiyo kwa njia ya mshipa, dawa ambayo haikosi kuwa ya kawaida katika hospitali zetu, na albumini, protini ya damu inayotiwa mshipani, ya kulinda mafigo. Imeonekana katika tafiti kwamba wanaocheleweshewa kipimo hiki kupita saa 12 hufa zaidi ya wanaopimwa mapema. Nimeshuhudia mgonjwa akikaa siku tatu kitandani akiandikiwa vidonge vya kukojoa, huku hakuna aliyeingiza sindano ile ndogo, kwa sababu tu kila zamu iliamini kwamba zamu iliyotangulia imeshafanya. Kuandika katika fomu ya kulazwa mstari mmoja unaouliza "Maji ya tumbo yamepimwa saa ngapi?" hakugharimu kaunti chochote.

Maji yakiwa mengi, hutolewa. Mgonjwa hulazwa upande kidogo, mahali pa kuchomwa husafishwa na kutiwa ganzi, sindano yenye mpira huingizwa chini ya tumbo upande wa kushoto, na maji ya rangi ya majani ya chai yaliyokolea kidogo huanza kuteremka katika chombo sakafuni. Kuna utulivu wa namna yake katika wadi mtu yule anapovuta pumzi ndefu ya kwanza baada ya wiki nyingi. Lakini zikitolewa zaidi ya lita 5 kwa mara moja bila albumini, takriban gramu 8 kwa kila lita, damu hupungua nguvu katika mzunguko na mafigo yanaweza kusimama siku chache baadaye. Hapa ndipo familia zinapoumia. Ndugu hupewa karatasi na kuambiwa wakatafute albumini katika maduka ya dawa ya mjini, na bei yake humshinda mtu wa kibarua. Matokeo yake ni mawili: ama maji hayatolewi kabisa, na mgonjwa anabaki akihema, ama yanatolewa yote bila kinga. Naomba albumini iwe katika stoo za hospitali za rufaa za kaunti, kwa kiasi kinachokadiriwa kutokana na idadi ya wagonjwa hawa, nayo itolewe kwa kanuni maalumu ili isipotee katika matumizi yasiyohitaji.

Baada ya hapo kazi hurudi nyumbani na jikoni. Dawa za kutoa maji mwilini, spironolaktoni na furosemaidi, zikiandikwa kwa uwiano wake na damu ikipimwa potasiamu, sodiamu na hali ya mafigo, huwatosha wagonjwa wengi, ila kwa sharti kwamba chumvi ipunguzwe hadi takriban gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Kumwambia mtu wa Mombasa "punguza chumvi" na kumwachia hapo ni kumwacha gizani. Aambiwe papa mkavu na ng'onda asile, hata kipande cha kuonjea wali; achari aziweke kando; viazi karai na bhajia za barabarani zimekwisha kutiwa chumvi kabla hajazinunua; vidonge vya mchuzi ni chumvi kavu. Aonyeshwe kwamba ndimu, ukwaju, bizari, kitunguu saumu na tui la nazi vinaweza kubeba mchuzi wa samaki mbichi bila chumvi kuhitajika. Mwenye kuambiwa hivi na mtu anayelijua jiko la Kiswahili hufuata, nimeona wakifuata.

Wahamasishaji wa afya ya jamii ambao Serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wanaweza kuwapima uzito wagonjwa hawa majumbani. Mgonjwa anayetumia dawa za kutoa maji, asiye na uvimbe wa miguu, hapaswi kupungua zaidi ya nusu kilo kwa siku, na mwenye uvimbe asizidi kilo moja. Anayeshuka kwa kasi kuliko hivyo mafigo yake yako hatarini, na anayepanda kila siku dawa zake hazitoshi au chumvi inaingia. Namba moja inayoandikwa kila siku mbili inaweza kumwepusha mtu na kulazwa.

Tatizo la pili ndilo linaloogopesha zaidi, nalo ni kutapika damu. Vile vijimshipa vya umio vikipasuka, mtu hutapika damu nyekundu kwa vikombe, au hupata choo cheusi kama lami, na baada ya muda mfupi hawezi kusimama. Hata panapokuwa na matibabu yote ya kisasa, karibu mmoja kati ya kila watu watano au sita hufa ndani ya wiki sita. Kinachofaa kufanywa kinajulikana kwa saa: mishipa miwili ya mkono iwekewe sindano pana, dawa ya kushusha presha ya mishipa ya tumbo, yaani oktreotaidi au terlipresini, ianze mara tu inaposhukiwa, bila kungoja kuthibitishwa, seftriaksoni gramu moja kwa siku ianze pamoja nayo, kwa kuwa dawa hiyo ya kuzuia maambukizi imethibitika kupunguza vifo vya wanaovuja damu, kisha ndani ya saa 12 mgonjwa afanyiwe endoskopia, yaani apitishiwe kamera kooni, na mishipa ile ifungwe kwa vipete vya mpira.

Kuhusu damu ya kuongezwa, naomba jambo hili lifike kwa kila chumba cha dharura. Wengi wetu tulifundishwa kumjaza mgonjwa damu mpaka arudi kama alivyokuwa. Utafiti mkubwa uliofanywa Barcelona na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanaoongezwa damu pale tu hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, inaposhuka chini ya gramu 7 kwa desilita walipona zaidi ya waliojazwa damu mapema, kwa sababu damu ya ziada huongeza presha katika mishipa ileile iliyopasuka. Katika mji ambao kila mara ndugu wanahangaika kutafuta watu wa kujitolea damu, huu ni mwongozo unaookoa mgonjwa na kuokoa akiba pia. Haumaanishi anayemwaga damu akiwa na presha iliyoanguka angojewe. Huyo hali yake ndiyo inayoamua. Ni kuhusu kutozidisha baada ya kutulia.

Lakini saa 12 zinahesabiwa vipi kwa mtu wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa? Damu ikianza usiku, familia ina chaguo la kungoja feri au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, na gari lenyewe bado halijapatikana. Akifika kisiwani, huenda ikawa Ijumaa jioni na anayeshika kamera ya endoskopia akawa amekwisha kwenda nyumbani mpaka Jumatatu, au yupo lakini vipete vya mpira vimekwisha. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inasema kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Sioni dharura iliyo wazi kuliko hii. Ninachoomba ni orodha ya zamu ya endoskopia inayopita usiku na wikendi, inayogawanywa kati ya wataalamu wa hospitali za umma na, ikibidi, wa hospitali za binafsi kwa mkataba. Na dozi za kwanza za oktreotaidi na seftriaksoni zikae katika vituo vya ng'ambo, Likoni na Kisauni, ili mgonjwa avuke akiwa tayari ameanza kutibiwa.

Anayenusurika hana budi kurudi. Mishipa hufungwa tena kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka itoweke, na kati yake anywe propranololi au kavediloli, vidonge ambavyo wengine hutumia kwa presha na moyo. Asipofanyiwa hivyo, zaidi ya nusu huvuja damu tena ndani ya mwaka mmoja au miwili. Nimeona watu waliookolewa kwa kazi kubwa ya usiku kucha wakaruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na karatasi isiyo na tarehe ya kurudi wala kidonge hata kimoja. Kwangu mimi huo ni upotevu mkubwa kuliko wowote ninaoulalamikia katika barua hii, kwa sababu kazi ngumu ilikwisha kufanyika.

Tatizo la tatu huzipotosha familia zaidi ya yote. Sumu zinapofika ubongoni, mtu hubadilika. Kwanza usiku wake unageuka mchana. Halafu anakuwa mkali bila sababu, anasahau njia ya msikitini, anakojoa pembeni ya chumba, anasema maneno yasiyoungana. Ukimwambia anyooshe mikono na akunje viganja kwenda juu, viganja vinaanguka na kupanda vyenyewe. Hapa Pwani wengi husema amepandisha pepo au amerogwa, na siku za thamani hupotea kwa mganga huku kisababishi halisi kikiwa ni kufunga choo, maambukizi, kuvuja damu kidogo kidogo, upungufu wa maji mwilini, au kidonge cha usingizi alichouziwa dukani. Siwadharau wanaosoma dua. Namwomba yeyote anayemsomea mgonjwa dua aandamane naye hospitali.

Dawa kuu ni laktulosi, sharubati ya kulainisha choo, inayonywewa mpaka mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Kipimo ni choo hicho, wala si idadi ya vijiko, na ndugu wakielezwa hivyo huweza kuipima wenyewe vizuri. Kwa wanaorudiwa na hali hiyo huongezwa rifaksimini, ambayo ni ghali. Nilimfahamu mke mmoja wa Changamwe aliyemnunulia mumewe daftari la shule, na kila asubuhi kabla ya chai alimtaka aandike jina lake na tarehe. Kurasa zilikuwa zikisema kila kitu: wiki nzima ya mwandiko ulionyooka, kisha siku mbili ambazo herufi zinateremka nje ya mstari, kisha asubuhi ambayo jina limeandikwa nusu. Asubuhi hiyo aliongeza laktulosi kama alivyoelekezwa na akamleta hospitali siku hiyohiyo, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Ilimradi laktulosi ipo. Inapokosekana katika famasia ya hospitali, kama inavyokosekana mara kwa mara, mtu huyo huletwa wiki inayofuata akiwa amebebwa.

Kuna kosa moja la chakula linalofuatana na hali hii, nalo bado linafundishwa: kumnyima mgonjwa nyama, samaki, mayai na maharagwe kwa hofu ya kuchafua ubongo. Miongozo ya sasa inasema kinyume, kwamba apate protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa sababu misuli husaidia kusafisha sumu ambayo ini limeshindwa kuisafisha, na mwili wenye njaa huila misuli yake wenyewe. Mbaazi, kunde, samaki mbichi na mayai vinafaa. Kabla ya kulala anywe kikombe cha uji au ale mkate, maana usiku mrefu bila chakula kwa mwili huu ni mfungo mzito. Ndiyo sababu mwezi wa Ramadhani huwa mgumu kwao, na maimamu wetu wangetusaidia sana kwa kuwakumbusha kwamba dini imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa ya kula.

Mafigo nayataja kwa ufupi, ingawa yakifa mgonjwa huwa hana muda mrefu. Katika Mombasa sindano ya diklofenaki na vidonge vya ibuprofeni hupatikana karibu kila duka la dawa, na mwenye ini gumu akizitumia kwa maumivu ya mgongo anaweza kuharibu mafigo yake kwa siku chache. Jentamaisini, sindano ya kuua bakteria inayodhuru mafigo pia, nayo imepewa wagonjwa hawa bila haja. Parasetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku ni salama zaidi, jambo ambalo watu wengi hawaliamini. Idara ya afya ya kaunti inaweza kuwaandikia wenye maduka ya dawa waraka wa ukurasa mmoja juu ya hili.

Nije kwenye pombe yenyewe. Mnywaji wa kila siku anapolazwa huwa ameacha pombe ghafla bila mtu kupanga, na ndani ya siku ya kwanza anaanza kutetemeka na kutoka jasho, kisha kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuona wadudu ukutani. Nimeona watu wa namna hii wakifungwa kwenye vitanda kwa mashuka. Wanahitaji thiamini, yaani vitamini B1, kwa njia ya mshipa kabla ya kutundikiwa maji ya glukosi, na dawa ya kutuliza inayochaguliwa na kupimwa kwa uangalifu na mtu anayejua kwamba ini lao haliisafishi haraka. Wakitulia, hapo ndipo mtu wa ushauri nasaha anapotakiwa awe kando ya kitanda, wala si kadi ya kwenda kumtafuta mahali pengine mwezi ujao. Baklofeni ni mojawapo ya dawa chache za kupunguza hamu ya pombe zilizojaribiwa kwa wenye makovu ya ini. Na kuacha kunywa, hata baada ya maji kujaa tumbo, hubadili mambo: wapo ambao baada ya miezi kadhaa bila pombe maji hukauka, dawa hupunguzwa, na hurudi kazini. Hakuna kidonge kinachofikia faida hiyo.

Kaunti hii inajua kuifanya kazi hii. Wakati heroini ilipokuwa ikimaliza vijana wetu, kliniki ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, ilifunguliwa Kisauni, na watu waliokuwa wakiitwa mateja wakaanza kupanga foleni kila asubuhi kunywa dawa mbele ya muuguzi, wakipimwa pia virusi na kifua kikuu. Sioni kwa nini anayetoka mangweni, au anayetoka katika baa yenye leseni ya kaunti, astahili chini ya hapo.

Na leseni hiyo ndiyo hoja yangu kwa Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti huduma za afya na, katika sehemu hiyohiyo, utoaji wa leseni za vileo. Kwa hiyo mkono unaopokea ada ya baa ni mkono uleule unaoendesha wadi. Naomba sheria ya kaunti itenge sehemu maalumu ya ada za leseni za vileo, ijulikane kwa asilimia na itangazwe kila mwaka, kwa ajili ya kliniki ya ini: siku moja kila wiki katika hospitali ya rufaa na siku moja kila mwezi Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu, ikiwa na daktari au afisa wa kliniki aliyefundishwa, muuguzi, mshauri nasaha na mtaalamu wa lishe chini ya paa moja. Kliniki hiyohiyo ipime kila mgonjwa homa ya ini ya aina ya B, iwachanje wasiokuwa nayo pamoja na watu wa nyumba zao, na kila miezi 6 ifanye ultrasaundi ya kutafuta saratani ikiwa bado ndogo.

Kwa maafisa wa Mamlaka ya Afya ya Jamii: tangu Oktoba 2024 wananchi wanachangia asilimia 2.75 ya mapato yao, na asiye na mshahara hutozwa shilingi 300 kwa mwezi au zaidi. Sheria imeunda hazina ya dharura, maradhi sugu na magonjwa mahututi. Naomba katika orodha ya huduma zinazolipiwa iandikwe bayana, kwa majina yake, kutoa maji ya tumboni pamoja na albumini, kufunga mishipa ya umio pamoja na marudio yake yote, na laktulosi ya wagonjwa wa nje. Huduma isiyotajwa kwa jina mhasibu wa hospitali huiona haipo.

Bunge la Kaunti hupokea makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Nitakuwepo katika kikao cha wadi yangu, pamoja na baadhi ya wagonjwa na wake zao waliokubali kusema hadharani. Naomba tutakapofungua kitabu cha makadirio ya afya tukute mstari wa kliniki ya ini ukiwa na kiasi chake cha fedha, na afisa anayeusimamia awepo ili atujibu ni lini oktreotaidi itafika Likoni.

Wenu kwa heshima,
Muuguzi mstaafu,
Changamwe, Mombasa